Kitanda Kilichokosa Mlalaji

Kanisa letu la Kitale liliomba wamisionari kwa miaka miwili, kwa kufunga na kukesha, na Mungu, ambaye ni mcheshi kuliko wazee wetu wanavyomdhania, akatuletea Watanzania.

Hakuna aliyewakataa. Wazee wa kanisa waliketi kikao, wakafungua kwa wimbo, kisha mwenyekiti wao, ambaye ni baba yangu, Mzee Jotham, akatangaza kwamba Bwana na Bibi Lindholm waliorudi kwao Uswidi hawatakuja tena. Mahali pao watakuja Mchungaji Asajile Mwakalobo na mkewe Atuganile, kutoka Rungwe, upande wa Mbeya. Mzee Kemboi akainua mkono akauliza kama Mbeya kuna Wazungu. Akaambiwa hawa ni weusi kama yeye. Akauliza kama watakuja na gari. Akaambiwa watakuja na basi. Mzee Kemboi akakaa chini, akavua kofia, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Hiyo ilikuwa Januari, mwaka huu wa 1985. Mpaka wa Tanzania ulikuwa umefunguliwa juzijuzi tu, na yote tuliyoyajua kuhusu nchi ile tuliyapata kwa uvumi: kwamba watu hupanga foleni ya sabuni, kwamba sukari huko ni kama dhahabu, na kwamba kila kitu ni cha kila mtu. Hili la mwisho wazee walilitafakari sana. Maana nyumba ya misheni ilikuwa imejaa vitu. Akina Lindholm walikuwa wameacha kila kitu kwa ajili ya wale watakaowafuata: viti vya sofa, friji, vikombe vya maua, na kitanda kikubwa cha chuma chenye vifundo vya shaba kwenye pembe na godoro nene kama mkate wa sikukuu.

"Hawa ni watu wa ujamaa," Mzee Kemboi alisema. "Vitu vingi vitawasumbua, ati."

"Wamezoea mkeka," akasema mwingine.

Basi wakakubaliana kuvihifadhi. Neno lilikuwa hilo, kuhifadhi, na lilitamkwa kwa heshima kama neno la Maandiko. Friji ikahifadhiwa kwa Mzee Kemboi. Vikombe vikahifadhiwa kwa Mama Jepkoech, mwenyekiti wa akina mama. Sofa ikagawanywa, kila kiti na nyumba yake, kama mavazi ya Bwana wetu pale msalabani. Na kitanda, kwa kuwa kilikuwa kitu kikubwa kuliko vyote, kikahifadhiwa kwa mwenyekiti.

Mimi ni Wekoye, kitinda mimba wa mwenyekiti. Niko kidato cha tatu katika shule ya bweni nisiyoweza kuitaja, kwa sababu bwana nidhamu bado anachunguza ni nani aliyemvalisha mbuzi wake tai ya shule. Wenzangu huniita Askofu, kwa kuwa naweza kuhubiri kwa sauti ya mtu yeyote. Nilipofunga shule mwezi wa Aprili, nikakuta kitanda kimo ndani, katika chumba ambacho mimi siruhusiwi kuingia. Tangu nilipotahiriwa Agosti mwaka jana, chumba cha wazazi wangu kwangu ni patakatifu pa patakatifu. Siingii wala sichungulii. Lakini masikio hayatahiriwi, na kitanda kile kilikuwa na springi zinazoimba. Sitasema zaidi. Nilihamishia kitanda changu mwisho kabisa wa boma, karibu na zizi.

Mchungaji na mkewe walikuwa na ratiba isiyobadilika. Asubuhi mchungaji alilima bustani ya misheni akiwa amekunja suruali mpaka magotini, jambo ambalo Bwana Lindholm hakulifanya hata siku moja, na ambalo lilimshushia hadhi haraka sana. Mama Atuganile alisuka mikeka ya matete aliyoyakata mwenyewe bondeni. Baada ya chakula cha mchana walifunga mlango, wakatoka kwa miguu kutembelea waumini, nyumba moja kila siku. Na kila nyumba waliyoingia waliiachia mkeka mmoja.

Ziara hizi ziliwatesa wazee kuliko jehanamu. Mara tu mchungaji alipoonekana barabarani, watoto walitumwa mbio kwenda mbele kutoa habari. Mama Jepkoech alificha vikombe vya maua chini ya kuku aliyeatamia, lakini siku moja alisahau akawapa chai ndani ya vikombe vilevile. Mzee Kemboi alifunika friji kwa shuka nyeupe, akaweka Biblia juu yake, akawaambia wageni kwamba hiyo ni meza ya maombi. Wakaomba mbele yake. Friji ikawa inanguruma chini ya shuka, na Mzee Kemboi akanguruma pamoja nayo, akisema huko ni kuzidiwa na Roho.

Kwetu mambo yalikuwa rahisi, kwa vile hakuna mgeni aingiaye chumba cha mwenye nyumba. Mlango ulifungwa, pazia likateremshwa. Mama Atuganile alifika, akachuchumaa mbele ya baba yangu na kumwamkia shikamoo, akiinamisha macho, kama mwanawe. Kwao mwanamke huamkia hivyo mtu wa umri wa babake. Kwetu mke wa mmisionari hakuwahi kuchuchumalia mtu, na baba, badala ya kufurahi, alianza kutoka jasho. Siku moja paka akarukia kitanda huko ndani. Springi zikaimba. Mama akakohoa. Baba akaanzisha wimbo papo hapo, beti zote, na wageni wakaimba naye. Nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Nilicheka hivyo Aprili yote. Agosti nilipofunga tena, mama alikuwa jikoni, anachambua mboga, na hakuniangalia.

"Mama Atuganile ni mja mzito," aliniambia. "Miezi sita. Amepoteza watatu kabla ya huyu."

"Si ni vizuri basi, mama?"

"Nesi amemwambia asilale chini. Saruji inapandisha baridi, na baridi ya Kitale mwezi huu unaijua. Aweke miguu juu, alale pahali palipoinuka." Akatupa jani bovu. "Wanalala kwa mkeka, Wekoye. Mkeka mmoja juu ya mwingine."

"Si baba awarudishie kitanda."

"Nimemwambia. Anasema atarudishaje? Atasema alikuwa anakifanyia nini miezi hii yote?" Kisha akateremsha sauti, maana tulikuwa tumefika kwenye jambo lisilozungumzwa na mtoto wa kiume. "Na mimi nitampelekea mwanamke mwenzangu kitanda ambacho mimi na babako… Hapana. Hiyo nayo ni aibu ingine."

Ningeweza kufanya jambo la busara. Ningeweza, kwa mfano, kwenda kwa mchungaji nikamwambia, au kumsubiri baba shambani nikamsihi. Lakini mimi ni Askofu. Jumapili, wakati wa maombi ya waumini, nilisimama. Nilifumba macho. Nilichukua sauti ya baba mwenyewe, ile ya vikao.

"Ee Baba," niliomba, "tunawakumbuka wanaolalia visivyo vyao. Uwape usingizi mzuri. Tunawakumbuka wanaopoza maziwa kwa visivyo vyao. Yasigande, Ee Bwana. Tunawakumbuka wanaokunywea visivyo vyao, na wanaokalia visivyo vyao, matako yao uyabariki."

Kanisa lilikuwa kimya kama ofisi ya mwalimu mkuu. Kisha, kutoka benchi la mbele, sauti moja safi ikasema: "Amina." Ilikuwa ya Mama Atuganile.

Nilijiona shujaa kwa muda wa robo saa, yaani mpaka baba aliponishika sikio nyuma ya kanisa. Hakunichapa. Alinisogelea tu, akasema huku amekaza meno, "Umenimaliza." Nilitegemea kwamba sasa kitanda kitarudi. Kumbe mtu akishikwa na aibu hatafuti njia iliyonyooka. Anatafuta iliyo karibu.

Jumanne asubuhi pikapu ya Kiplagat, jirani yetu, ilisimama nyuma ya nyumba. Baba alikuwa amekumbuka amri ya tano. Angempelekea mama yake mzazi kitanda, huko Bumula, karibu na Bungoma, kama zawadi. Kitanda kikitoka Kitale, hapatakuwa na ushahidi, na mwana mwema atakuwa amemheshimu mama yake. Kwa kuwa mimi siwezi kuingia chumbani, mama alisukuma godoro dirishani, nikalipokea nikiwa nimegeuza uso kama mtu anayepokea nyoka. Chuma nacho kilikataa kufunguka. Bolti moja ilikuwa imeshika kutu, basi kikatolewa kizima kwa kubomoa fremu ya mlango.

Kukhu Peris, nyanya yangu, alitupokea kwa furaha mpaka alipoona mzigo. Alikizunguka kitanda mara moja. Alibonyeza springi. Zikaimba.

"Ni cha nani?"

"Ni chako, mama," baba alisema. "Upumzishe mgongo."

"Kimelaliwa na nani?"

"Ni cha chuma, mama. Hakiharibiki."

"Sikuuliza kama kinaharibika. Nimeuliza nani amekilalia."

Baba akatazama migomba. "Mimi."

"Na nani?"

Hakuna mwanamume wa kwetu, Mbukusu wa umri wake, ambaye angejibu. Kukhu akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Jotham! Mimi nilale pahali ambapo wewe umelala na mke wako? Mimi niliyekuzaa? Nani amekuroga, mtoto wangu?"

"Mama, ni kitanda tu."

"Kama ni kitanda tu, kwa nini husemi jina la yule mliyelala naye?" Akanigeukia. "Hata huyu hawezi kukilalia. Kirudishe ulikokitoa. Umekitoa wapi?"

"Kwa misheni," nilisema mimi, kwa kuwa baba alikuwa anaendelea na migomba.

"Walikupatia?"

"Alikihifadhi," nikasema.

Kukhu hakucheka. Alijifunika uso kwa leso yake, na baba, mzee wa watu, mwenyekiti, akasimama mbele yake kama mtoto aliyekojoa kitandani. Nilikuwa nimezoea kumwona baba akiogopwa. Sikujua macho yangu niyapeleke wapi. Usiku ule kitanda kililala nje peke yake, na asubuhi Kukhu alitutaka tukiondoe kabla majirani hawajaja kuuliza.

Pikapu ya Kiplagat ilikuwa imesharudi Kitale. Tulipata trekta la miwa, likatubeba mpaka Kanduyi, njia panda, na dereva akakishusha kitanda kando ya barabara, kikasimama kwa miguu yake minne katikati ya wauza ndizi na mahindi ya kuchoma. Mvua ilikuwa imenyesha. Nyasi zilikuwa matope. Ili godoro lisichafuke, tuliliweka pahali pake juu ya springi, na juu yake blanketi. Kwa hiyo hapo Kanduyi, mchana kweupe, kulikuwa na kitanda kilichotandikwa, tayari kwa kulaliwa, na kando yake baba yangu amevaa koti la Jumapili.

"Mzee, chumba ni pesa ngapi?" utingo mmoja alipiga kelele kutoka juu ya lori linalopita.

"Huyo amefukuzwa na bibi," mama muuza ndizi akawaambia wenzake. "Si mnaona? Ameambiwa achukue kilicho chake."

"Bibi angemwachia kitanda kizuri hivyo? Ameiba, bana."

Walicheka. Siku nyingine yoyote ningewajibu, na ningeshinda. Lakini lile neno la mwisho halikuwa uongo. Baba alikaza macho upande wa Webuye, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali sana. Malori ya kwenda Kitale yalipita yakiwa yamejaa. Njaa ikaanza.

Ndipo nikawaona. Walikuwa wanatoka upande wa mjini, polepole. Mchungaji amebeba begi na mkeka uliokunjwa. Mama Atuganile ameshika kiuno, anatembea kama mtu anayepanda mlima ilhali barabara ni tambarare. Walikuwa wameitwa Bungoma kwa mkutano wa wachungaji tangu Jumatatu jioni, na sasa walikuwa wanatafuta gari la kurudi Kitale. Sisi, katika hekima yetu, hatukulifikiria hilo.

"Baba," nilisema. "Wanakuja."

"Nani?"

"Wenye kitanda."

Baba aligeuka. Kwa dakika moja niliamini angekimbia. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari. Lakini mchungaji alishatuona, akapunga mkono kwa furaha ya mtu aliyekutana na wa kwao ugenini.

"Mzee Jotham! Mbali huku! Mnahama?"

"Hapana, Mchungaji. Tunasafirisha tu."

Mama Atuganile alifika nyuma yake. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka kamba za viatu zimezama. Na pale pale, kwenye matope, mbele ya Kanduyi yote, alishika tumbo kwa mkono mmoja, akachuchumaa.

"Shikamoo, baba."

"Inuka, mama," baba alisema. "Tafadhali. Inuka."

Hakuinuka mpaka alipoitikiwa. Baba akaitika. Mchungaji akamsaidia mkewe kusimama, na hapo mama muuza ndizi, ambaye alikuwa ameacha kazi zote ili atutazame, akaingilia.

"Wewe mzee, si umpe mama kitanda apumzike? Ona miguu yake."

"Gari liko karibu," baba alisema.

"Gari gani? Umekuwa hapa tangu saa tatu!"

"Hata akae tu kwa ukingo, mzee," mwingine akasema. "Wewe una roho gani?"

Watu wakaanza kusogea. Baba alinitazama, na nikajua anachotaka: uongo. Mimi ndiye fundi wa uongo nyumbani kwetu. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe haukutoka hata mmoja. Basi akautafuta mwenyewe, na yeye si mzoefu.

"Kina kunguni," baba alisema.

Umati ukacheka, ukarudi nyuma kidogo. Mama Atuganile hakurudi nyuma. Alisogea mpaka kwenye kitanda, akaweka kiganja juu ya kifundo cha shaba.

"Hakina kunguni, baba," alisema. "Bibi Lindholm hakuwa mtu wa kunguni."

Watu wakasogea tena.

"Sakafu ya chumba chetu ni nyekundu," aliendelea, na sauti yake haikuwa ile ya kanisani. "Ina alama nne ambapo nta haikuwahi kufika. Kila Jumamosi nazipaka nta, hazitoki. Jikoni kuna alama ya friji. Sebuleni kuna alama za viti. Tuliingia katika nyumba ile siku ya kwanza tukaona kila kitu kilichokuwa chetu, isipokuwa vitu vyenyewe."

"Mama," mchungaji alisema chinichini, akitazama huku na huku. "Si hapa."

"Wapi, Mchungaji? Miezi saba tunazunguka nyumba kwa nyumba ili mtu yeyote apate nafasi ya kusema. Nimeomba mbele ya friji iliyovishwa shuka kama bibi harusi. Nimenywea chai kikombe chetu nikasema asante. Sikudai, maana mgeni hadai. Lakini baba asiniambie kina kunguni."

Mchungaji aliinamisha kichwa. Nilimwona anaona aibu kwa ajili ya mkewe, kisha anaona aibu kwa sababu ya ile aibu, na akaweka mkono wake begani kwa mkewe akauacha hapo.

"Na wewe, Askofu." Mama Atuganile alinigeukia. Sikujua kwamba anajua jina langu la shuleni. "Uliomba vizuri sana. Nilisema amina. Nilidhani nyumba yenu imekutuma utangulie kusema. Jumatatu asubuhi nilifagia chumba. Nikafungua mlango. Nikakaa nao wazi mpaka saa ya kwenda stendi."

Nimewahi kuchapwa mbele ya gwaride, suruali ikiwa imepasuka, na niliinama kwa mbwembwe mpaka shule nzima ikanishangilia. Kwa hiyo nilidhani ninaijua aibu, na kwamba ni kitu kidogo. Pale Kanduyi nilimwona mwanamke yule anafagia chumba kitupu kwa sababu ya mzaha wangu, na sikupata uso wa kuuvaa.

Baba alivua kofia. "Ni chenu, mama," alisema. Alisema kwa sauti ambayo hata wauza mahindi waliisikia, na nadhani alitaka waisikie. "Nilikichukua. Sikukihifadhi. Lori likija tutakipeleka kwako moja kwa moja. Lala sasa hivi, tafadhali, upumzike."

Mama Atuganile akaangalia godoro, akaangalia blanketi letu.

"Mmekilalia," alisema. Hakuwa anauliza. Baba akazungusha kofia mkononi.

"Basi nitakilaliaje, baba? Nimekuwa nikikuamkia kama baba yangu mzazi." Sauti ilikuwa imeishiwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hamkuchukua kitanda tu. Mmefanya kisirudishike."

Akachukua mkeka kwa mumewe, akautandaza kwenye nyasi zilizolowa, akakaa. Mchungaji akakaa naye. Baba hangeweza kukaa kitandani wakati wao wako chini, na hangeweza kukaa kwenye mkeka wao. Akabaki amesimama. Nami nikasimama. Kitanda kikawa katikati yetu, kimetandikwa vizuri, hakina mtu. Mama muuza ndizi alikuja akampa Mama Atuganile ndizi mbili, akakataa kulipwa, na alipopita karibu na baba alipita kwa mbali, kama mtu anayepita karibu na shimo.

Lori lililotuchukua lilikuwa la mbolea. Wao wawili walikaa mbele na dereva. Mimi na baba tulikuwa nyuma, juu ya magunia, na kitanda. Mvua ilitupata Webuye. Baba hakujifunika blanketi, nami sikuthubutu kujifunika peke yangu. Alisema neno moja tu njia nzima, tulipokuwa tunapita Kiminini.

"Fremu ya mlango wa chumba chetu," alisema, "ilikuwa ya mbao gani?"

"Msonobari, baba."

"Zile zingine ziko ghalani bado?"

"Ziko."

Zilikuwa mbao alizoziweka kwa ajili ya kuongeza chumba cha wageni, fahari yake. Kesho yake zote zilikwenda kwa seremala.

Habari ilifika Kitale kabla yetu; sijui ilipanda gari gani. Jumapili iliyofuata, kabla ya ibada, Mzee Kemboi aliingia uwanjani na mkokoteni wa punda, friji juu yake, bila shuka. Hakumwangalia mtu. Mama Jepkoech alikuja na vikombe ndani ya karai. Viti vya sofa vikafika kimoja kimoja, vimebebwa vichwani, vingine bado vina vitambaa vya kufuma vya nyumba za watu. Vikapangwa nje ya nyumba ya misheni kama mnada. Mchungaji alimshukuru kila mtu, mmoja mmoja, na kila aliyeshukuriwa alionekana kama amepigwa kofi.

Sisi tulisimama pembeni mikono mitupu. Mama alikuwa amevaa gauni lake zuri na alilivuta vuta mikono, kana kwamba limekuwa fupi. Watu walitutazama, wakasubiri. Hapakuwa na namna ya kuwaeleza kwamba tulichochukua ndicho kilichohitajika kuliko vyote, na ndicho pekee kisichoweza kurudi. Baba alitangaza kwamba ameacha uenyekiti. Hakuna aliyemwomba abaki.

Kitanda kipya kilikamilika wiki iliyofuata. Ni cha msonobari, kiko juu kama nesi alivyotaka, na seremala alikipiga msasa mpaka kikawa laini kama mgongo wa ng'ombe. Baba alimlipa, akakikagua, akakilalia? Hapana. Hata kukigusa kwa kiganja hakukigusa. Alinituma mimi nikipeleke na mkokoteni. Mama Atuganile alinionyesha pahali pa kukiweka, na miguu ya kitanda haikuangukia zile alama nne; hiki ni kifupi kidogo. Alikaa ukingoni, akainua miguu yake mmoja mmoja, akalala. Alifumba macho.

"Mtoto anacheza," alisema baada ya muda. Kisha: "Baba yuko wapi?"

"Ana homa, mama."

Alifungua jicho moja, akanitazama, akalifunga.

Kile cha chuma kiko nyuma ya jiko letu. Mama alikataa kirudishwe ndani. Wazazi wangu wamerudia kitanda chao cha zamani cha kamba, kisichoimba, na mama huanika maharage juu ya springi. Kuku hulala chini yake mvua ikinyesha.

Ziara za alasiri zinaendelea. Mchungaji na mkewe hufunga mlango baada ya chakula, hutoka kwa miguu, nyumba moja kila siku, ila sasa wanatembea polepole zaidi na hakuna watoto wanaotangulia kutoa habari. Jana tulikuwa shambani, mimi na baba, tunaangalia kama mahindi yameanza kukomaa. Nikasikia sauti zao kwenye njia. Niligeuka kumwambia baba, na sikumwona. Alikuwa ameingia katikati ya mistari ya mahindi, mzee wa miaka sitini, amechuchumaa, kofia mkononi.

Nilikuwa na muda wa kutosha kusema jambo la kuchekesha. Nikaingia nikachuchumaa kando yake.

Walipita hatua chache kutoka tulipokuwa. Mama Atuganile alikuwa anamwambia mumewe jambo fulani kuhusu nyanya za bustani. Akanyamaza. Nyayo zikasimama. Niliona pindo la kanga yake kati ya mabua. Kisha zile nyayo zikaendelea, na habari za nyanya zikaendelea nazo, mpaka hazikusikika tena.

"Baba," nilinong'ona. "Wamepita."

"Najua," alisema. "Ngoja kwanza."